Kupanda volkano hai za Sicilia na visiwa vya Eolie: mwongozo kamili, kuanzia viza mpaka majivu ndani ya viatu

Watu wengi wakisikia likizo ya kisiwani Mediterania wanawaza kitanda cha ufukweni, mwavuli na miwani ya jua, sawa, hamna ubaya, ila kusini mwa Italia kuna kona ambayo ndani ya siku kama kumi hivi unapanda volkano tatu, zote ziko hai na kila moja ina tabia zake. Vulcano inatoa moshi na harufu tu, Stromboli inarusha moto kila baada ya dakika kumi, ishirini hivi, usiku na mchana, halafu kuna Etna yenyewe, jitu la zaidi ya mita 3,300 limekaa juu ya mji wa Catania na watu wanaendelea na maisha yao chini kama hamna kitu.

Kabla ya yote shika hili: ratiba ya safari hii hupangi wewe. Njia iliyokuwa wazi jana inaweza kufungwa leo asubuhi kwa amri ya meya, boti inaweza isitoke kwa upepo, na uwanja wa ndege wa Catania unaweza kufungwa kwa ajili ya majivu. Anayeenda na ratiba ya kubana, siku nne visiwa vinne, atarudi na picha za bandari. Kwahiyo huu mwongozo wote nimeupanga kwa namna kwamba hata mlima ukigoma, bado moto utauona.

Hatua ya 1: Jua unaenda kupanda nini

Visiwa vya Eolie vinavyokaliwa na watu ni 7, kaskazini mwa Sicilia: Lipari, Vulcano, Salina, Panarea, Stromboli, Filicudi na Alicudi. Vyote vimetoka kwenye volkano, na UNESCO waliviweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, Etna ikafuata 2013.

Vulcano ndo rahisi. Kreta yake kuu, yaani lile shimo la juu la mlima, inaitwa La Fossa na ukingo wake wa juu uko mita 391 tu, mlipuko wa mwisho ulikuwa 1888 mpaka 1890. Ila usiidharau kwa ufupi wake, mwaka 2021 gesi ilipanda ghafla, njia ya kreta ikafungwa na wakazi wa eneo la bandari wakapigwa marufuku kulala majumbani mwao kwa muda, maana gesi ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini na haina harufu, mtu analala haamki. Ndugu zetu wa Goma wanaijua hii vizuri sana, wao wanaiita mazuku.

Stromboli ina mita 924 juu ya bahari na imekuwa ikilipuka bila kupumzika kwa zaidi ya miaka 2,000, mabaharia walikuwa wanaitumia kama mnara wa taa. Kinachotokea ni hivi: mapovu makubwa ya gesi yanapanda ndani ya bomba la lava, yakifika juu yanapasuka, na yanaporuka yanabeba vipande vya lava hewani. Hiyo ndo kawaida yake na ndo inayoleta watu. Kisicho cha kawaida ni ile milipuko mikubwa inayokuja mara chache bila kupiga hodi. Tarehe 3 Julai 2019 ulitokea mmoja ukaua mtu aliyekuwa anapanda, mwezi uliofuata tarehe 28 Agosti ukaja mwingine. Toka hapo biashara ya kupeleka watalii kileleni ikaisha, kwahiyo ukikuta picha za watu wamekaa juu kabisa wanatazama kreta kwa chini, jua ni za zamani.

Etna ina kreta nne za kileleni na urefu wake hautulii, unapanda na kushuka kulingana na kreta ipi imejijaza na ipi imeporomoka. Mwaka 2021 peke yake ilirusha chemchemi za lava zaidi ya mara 50. Tarehe 16 Machi 2017 lava ilikutana na theluji, maji yakageuka mvuke kwa mpigo, mawe yakarushwa na watu kadhaa wakaumia. Na 2 Juni 2025 upande wa kreta ya kusini mashariki uliporomoka, likashuka wingu la moto na majivu, video za watalii wanakimbia kwenye mteremko zikazunguka dunia nzima.

Sikuambii haya nikutishe. Nakuambia ili ukifika ukaambiwa leo mwisho ni hapa usianze kubishana.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Mei, Juni mwanzoni, Septemba na Oktoba mwanzoni. Basi.

Julai na Agosti jua la Vulcano linachoma kwasababu njia nzima haina mti hata mmoja, vyumba vinapanda bei, na karibu na tarehe 15 Agosti Italia nzima iko likizo, utapata tabu ya chumba na tabu ya boti. Majira ya baridi kwenye visiwa hoteli nyingi zimefungwa na boti za kasi zinakatishwa mara kwa mara kwa mawimbi, halafu Etna juu kuna theluji kweli kweli, watu wanateleza na ski huko. Kama wewe ni wa Dar au Mombasa na hujawahi kutembea kwenye theluji, sio pa kuanzia.

Hatua ya 3: Viza, bima, ndege

Wenye paspoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi wanahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 toka Juni 2024, maombi unaweza kuanza miezi 6 kabla ya safari na mwisho kabisa siku 15 kabla, ila hizo siku 15 ziache kwenye karatasi, wewe anza miezi miwili mitatu mapema kwasababu miadi yenyewe kuipata ni kazi. Omba kupitia Italia kama Italia ndo unakaa siku nyingi. Ukiwa na kibali cha kuishi nchi yoyote ya Schengen, tuseme Ujerumani au Uswidi, huhitaji viza nyingine. Ukiwa unaishi Uingereza kwa kibali, unaihitaji, wengi wanajisahau hapa.

Bima ya viza inatakiwa iwe na kinga ya angalau euro 30,000 za matibabu. Sasa hapa soma maandishi madogo: bima nyingi za bei chee zinakubaliwa ubalozini lakini hazigusi kupanda milima, au zinaishia urefu fulani, mita 2,000 au 2,500, na Etna unavuka hapo mapema tu. Waandikie uwaulize wazi, napanda Etna mpaka karibu mita 3,000 nikiwa na mwongozaji mwenye leseni, mnanilipia au hamnilipii? Jibu lao litunze kwenye barua pepe.

Ndege, kutoka Dar, Zanzibar, Kilimanjaro au Nairobi njia nyepesi ni kupitia Istanbul mpaka Catania, vinginevyo unashukia Roma unaunganisha. Walioko Ghuba wanaweza kuondokea Dubai. Ukishaona bei nzuri kata tiketi ya kutua Catania na kuondokea Catania, usijichoshe na Palermo, iko upande mwingine kabisa wa kisiwa.

Hatua ya 4: Panga siku, na mpangilio ni muhimu kuliko idadi

Watu wanatua Catania, wanauona Etna unafuka moshi pale, wanaukimbilia kesho yake. Mimi nasema geuza. Anza na visiwa, malizia na Etna, kwa sababu mbili. Ya kwanza, boti ndo kitu kinachoweza kukukwamisha, na ukikwama Stromboli siku moja kabla ya ndege umekwisha, ila ukikwama katikati ya safari umepoteza nafasi ya Lipari tu. Ya pili, miguu: Vulcano inakufundisha kutembea kwenye majivu, Stromboli inakuongezea, ukifika Etna tayari mwili umeshaelewa.

Mpangilio wangu: usiku mmoja Catania, siku inayofuata Milazzo (bandari ya kwenda visiwani) na boti mpaka Lipari, hapo unaweka kambi usiku tatu au nne na unaenda Vulcano na Salina kwa kwenda na kurudi. Halafu Stromboli usiku mbili, sio mmoja. Usiku wa pili ndo akiba yako, mawingu yakifunika kreta leo unaona kesho. Kisha unarudi Catania usiku tatu kwa ajili ya Etna, na humo nako siku moja iwe wazi kabisa.

Kufika Milazzo, msimu wa joto kuna basi la moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Catania mpaka bandarini. Nje ya msimu unapanda treni, mara nyingi unabadilisha Messina, na stesheni ya Milazzo iko mbali na bandari kwahiyo unachukua basi la mjini au teksi, usijaribu kutembea na mabegi. Bandarini kuna boti za kasi za abiria na meli kubwa za magari. Boti ya kasi mpaka Vulcano ni kama dakika 45 hadi saa nzima, meli ni mara mbili ya hapo ila ni nafuu na haiogopi upepo kirahisi. Kumbuka hilo siku boti zikikatishwa, nenda dirisha la meli kabla wenzako hawajashtuka. Kuna pia meli ya usiku kutoka Napoli inayopitia Stromboli alfajiri, kama unatokea Roma ni wazo zuri, unalala na hoteli umeokoa.

Visiwani kuna ada ndogo ya kushukia, huwa inaingizwa kwenye tiketi, usidhani umeibiwa.

Hatua ya 5: Begi

Viatu kwanza. Majivu ya volkano ni vioo vidogo vidogo, yanakula soli na yanaingia kila tundu, kwahiyo raba za kukimbilia zenye nyavu juu zitarudi zimekufa na wewe una malengelenge. Chukua buti za kupandia milima zinazofunika kifundo cha mguu, umeshazivaa wiki kadhaa nyumbani, na kama unaweza pata vile vitambaa vya kufunga juu ya buti vinavyozuia changarawe. Usipokuwa nazo, Stromboli kijijini na kule Etna unakodi, hamna shida.

Halafu: tochi ya kichwani na betri za akiba (simu sio tochi, mikono yako inatakiwa iwe huru), jaketi la kuzuia upepo hata kama chini ni joto la kuvaa singlendi, sweta, kofia, krimu ya jua, barakoa za vumbi, na miwani ya kufunga macho pande zote. Anayevaa lensi za machoni azivue siku ya mlima avae miwani ya kawaida, chembe moja ya majivu chini ya lensi ni kilio. Maji lita mbili kwa Vulcano na Stromboli, zaidi ya hapo Etna, maana juu hamna mto wala kisima, maji yote yanazama kwenye mawe. Fimbo za kupandia zinasaidia magoti wakati wa kushuka.

Mwenye pumu asiache inhela hotelini. Na kiukweli mwenye pumu kali Vulcano aangalie kwa chini tu.

Hatua ya 6: Vulcano, mlima wa mazoezi

Chukua boti ya kwanza kutoka Lipari, ni dakika kama kumi tu. Ukishuka harufu inakupokea, salfa, yai viza lile la haswa, na nguo utakazovaa siku hiyo zifungie kwenye mfuko wake peke yake kwasababu zitanuka mpaka nyumbani.

Kabla hujaanza kupanda angalia ubao wa matangazo bandarini au uliza hotelini kama njia iko wazi. Kisha fuata barabara inayotoka bandarini dakika kumi na kitu, utaona kibao na njia inaingia kushoto. Mwanzo ni majivu meusi laini, unapiga hatua moja unarudi nusu, hapo nenda taratibu kabisa na kanyaga kwenye nyayo za waliotangulia. Katikati udongo unabadilika unakuwa mwekundu na mgumu, umechimbwa mifereji na mvua, hapo ni rahisi zaidi. Ndani ya saa moja uko ukingoni.

Ukifika ukingoni simama. Usikimbilie moshi. Angalia upepo unapeleka moshi wapi, halafu zunguka kwa upande ambao unauacha mgongoni au pembeni, kwasababu ukipita katikati yake koo linawaka na macho yanajaa machozi huoni pa kukanyaga. Matundu yenyewe ni mazuri kuyaangalia kwa karibu kidogo, pembeni ya kila tundu salfa imejijenga vijiti vidogo vya njano, vyembamba kama sindano, ukivipulizia vinadondoka, na mawe yanayovizunguka yana joto la kuunguza mkono. Usishuke chini kwenye sakafu ya kreta hata ukiona nyayo za watu wamepita, kule gesi inatuama. Kuzunguka ukingo wote ni kama saa moja, na sehemu ya juu kabisa unaviona visiwa vyote vimejipanga mbele yako, siku safi mpaka Etna kwa nyuma.

Chini kuna sehemu baharini maji yanatoa mapovu ya gesi. Watu wanaoga, ni raha, ila vaa nguo ya kuogelea ya zamani.

Hatua ya 7: Lipari na Salina, usizipite

Mtu mwenye haraka anaziruka hizi. Lipari ina njia za pwani ya magharibi zenye kimya, ina mawe meusi ya obsidiani ambayo watu wa kale waliyafanyia biashara Mediterania nzima, ina jumba la makumbusho zuri pale ngomeni, na upande wa kaskazini mashariki kuna machimbo meupe ya mawe mepesi ya pumisi yaliyofungwa mwaka 2007.

Salina ndo yenye mlima mrefu kuliko yote ya Eolie, Monte Fossa delle Felci, mita 962, volkano iliyokufa imefunikwa na msitu. Baada ya Vulcano isiyo na kivuli huu msitu ni dawa. Panda asubuhi, inachukua kama masaa mawili na nusu hivi, shuka, kisha ule mkate wao mkavu uliopakwa mafuta ya zeituni ukajazwa nyanya na kapari, vitumba vya maua vilivyotiwa chumvi, hizo kapari wanalima pale pale. Kwa wenzangu Waislamu: vyakula vya samaki na mboga ni vingi, ila yale madonge ya wali ya kukaanga, arancini, yale ya nyama mara nyingi huchanganywa na nguruwe, ulizia ya mchicha au ya biringanya.

Hatua ya 8: Stromboli

Hapa ndo moyo wa safari yote, soma taratibu.

Kijiji ni kidogo, nyumba nyeupe, vichochoro ambavyo gari halipiti, mizigo inabebwa na vile vigari vya Kiitaliano vya magurudumu matatu ambavyo ukiviona utasema bajaji imefikaje huku. Usiku hakuna taa za barabarani, ile tochi inaanza kazi hapo hapo unapotoka kula. Maji ya bomba ni ya shida, huletwa na meli, kwahiyo oga haraka.

Siku ya kwanza ukifika tu kabla hata ya kufungua begi nenda ofisi za waongozaji karibu na uwanja wa kanisa la San Vincenzo uulize amri ya sasa inasemaje. Utaratibu ulioendelea miaka ya karibuni ni kwamba mpaka mita 290 unaenda mwenyewe, mpaka mita 400 lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni, na juu ya hapo hamna mtu. Volkano ikichangamka inashushwa zaidi au inafungwa kabisa, Julai 2024 ilifika mpaka kiwango chekundu cha tahadhari. Msimu ukiwa umechangamka nafasi ya mwongozaji weka mtandaoni kabla hujatoka nyumbani.

Sasa swali ninaloulizwa sana, mita 400 tu si ni kuibiwa? Hapana. Kwa sehemu hiyo uko pembeni ya Sciara del Fuoco, mteremko mkubwa mweusi unaotoka kwenye kreta mpaka baharini, na kreta iko juu yako upande mmoja. Kundi huondoka alasiri ili kufika wakati jua linazama. Unakaa chini na helmeti kichwani, unakula mkate wako. Mwanzo unaona moshi tu unasema ndo hiki? Halafu giza linaingia, unasikia kitu kama pumzi nzito inavutwa, sekunde moja kimya, na juu inafumuka michirizi myekundu inapanda inasimama inaanguka, kisha yale mawe mekundu yanaanza kubingirika kwenye Sciara, yanagonga, yanagawanyika, unayasikia yanashuka kama vyombo vinavunjika mpaka mengine yanafika majini. Hamna mtu anayeongea. Dakika kumi na tano baadaye tena. Mengine ni madogo, mengine yanakufanya urudi nyuma bila kujua.

Kidokezo cha picha: acha simu, sijui kwanini watu wanahangaika, inatoka doa jekundu tu. Kama una kamera na stendi, weka wazi sekunde kumi na kitu, utapata michirizi yote.

Ambaye hawezi kupanda, au njia zikiwa zimefungwa, kuna boti zinazotoka jioni zinaenda kusimama mbele ya Sciara baharini. Hii ndo bima yako ya kuona moto. Binafsi ningefanya zote mbili, usiku wa kwanza mlima, wa pili boti. Anayetaka kwenda mwenyewe bila kulipa atembee kupitia Piscità mpaka Punta Labronzo, kama saa moja kutoka uwanja wa kanisa, halafu apande zigizaga mpaka mwisho wa ruhusa. Kurudi ni usiku, kwahiyo angalau muwe wawili.

Na jambo la sunami sio hadithi. Tarehe 30 Desemba 2002 kipande cha Sciara kiliporomoka baharini na mawimbi yakapiga kijiji. Sasa hivi kuna ving'ora. Ukisikia king'ora, au ukiona bahari inarudi nyuma isivyo kawaida, acha kila kitu panda juu kuelekea ndani ya kijiji, usisubiri kuambiwa. Siku ya kwanza tafuta vibao vya njia za kukimbilia kutoka hoteli yako, ni dakika tano tu.

Hatua ya 9: Etna

Etna ni mnene, ukisema unapanda Etna lazima useme upande gani. Kusini ni Rifugio Sapienza, karibu mita 1,900, ndo kwenye watu, maduka na magari ya nyaya (yale yale tuliyobishania kuyaweka Kilimanjaro). Kaskazini ni Piano Provenzana, kimya, misitu, ila bila gari ya kukodi ni shida.

Kama huna gari, kuna basi moja kwa siku kutoka mbele ya stesheni ya treni Catania, linatoka kama saa mbili na robo asubuhi na linarudi kama saa kumi na nusu jioni. Moja tu. Fika mapema ukate tiketi, na jioni usichelewe kwasababu teksi ya kurudi itakula bajeti ya siku mbili.

Ukifika Sapienza una njia tatu za kwenda:

Ya kwanza, bila mwongozaji na bila kulipia nyaya. Kreta za Silvestri zilizozaliwa mwaka 1892 ziko pale pale, unazunguka dakika chache. Nzuri zaidi ni njia ya Schiena dell'Asino, inaanzia barabarani chini kidogo ya Sapienza, inapanda taratibu mpaka ukingo wa Valle del Bove, shimo kubwa ambalo lava nyingi za Etna zinamwagikia humo. Kama saa moja na nusu kupanda. Ukisimama pale ukingoni unaona lava za miaka tofauti zimelaliana, nyeusi tii ndo mpya, ya kijivu ina miaka, yenye vichaka ni ya mababu. Mwaka 1991 mpaka 1993 lava ilipita humu ikielekea mji wa Zafferana, wakajenga kuta za udongo na mwisho wakalipua njia ya lava kwa baruti kuigeuza, na mji ukapona.

Ya pili, magari ya nyaya mpaka mita 2,500 na magari makubwa ya matairi manene mpaka karibu 2,900. Nyaya peke yake ni kama euro 50, ukiongeza gari unakaribia 80, bei inapanda kila mwaka. Kwa maoni yangu kulipa hela yote hiyo kushushwa, kuzungushwa dakika arobaini na kurudishwa, haina ladha. Labda una wazee au watoto.

Ya tatu, ndo ninayoipendekeza, mwongozaji mwenye leseni anayekupeleka mpaka urefu ulioruhusiwa siku hiyo. Kila msimu amri inasema bila mwongozaji mwisho wako wapi, na mwongozaji anajua kreta ipi imechangamka na upepo uko wapi. Siku nzima hiyo, matembezi ni kama masaa matano au sita. Urefu sio tatizo sana, kwa waliopanda Kilimanjaro kilele cha Etna kiko chini ya kambi ya Horombo, ila wewe unatoka usawa wa bahari asubuhi hiyo hiyo kwahiyo kichwa kuuma ni kawaida, kunywa maji, punguza mwendo, kizidi shuka. Upepo ndo adui mkubwa, Julai Catania ni nyuzi 35 na juu unatetemeka.

Kushuka ndo raha yenyewe. Wanakupitisha kwenye mteremko wa majivu mazito, unaegemea nyuma kidogo, unatanguliza kisigino na unajiachia, kila hatua inateleza mita nzima, kilichokuchukua saa moja kupanda unakimaliza dakika kumi ukiwa unacheka kama mtoto. Achia nafasi na mtu wa mbele, mawe yanabingirika.

Ukibakiwa na siku panda treni ndogo ya Circumetnea, reli yake inazunguka karibu mlima mzima kutoka Catania mpaka Riposto, kama kilometa 110, inapita kati ya mashamba ya pistachio ya Bronte na lava kavu. Jumapili haitembei.

Hatua ya 10: Mambo ya usalama ambayo hayasubiri

Kila asubuhi angalia vitu viwili. Kimoja ni rangi ya tahadhari ya volkano, kijani, njano, chungwa au nyekundu, inayotolewa na idara ya ulinzi wa raia ya Italia. Taasisi yao ya volkano, INGV, ina kituo Catania na inaweka kamera za moja kwa moja mtandaoni, unaiona kreta ukiwa kitandani. Cha pili ni amri ya meya wa eneo husika, hiyo ndo sheria yenyewe, ukiivunja unapigwa faini, na ukiumia bima yako ina kila sababu ya kukukataa.

Mawe yakianza kuruka usigeuze mgongo ukakimbia hovyo. Angalia juu, ona linaanguka wapi, likwepe, kisha ondoka. Majivu yakianza kunyesha vaa barakoa na miwani, shuka. Radi ikianza, shuka kabla ya mwongozaji kukuambia mara mbili. Namba ya dharura ni 112 nchi nzima.

Na mawe usibebe. Ni hifadhi, na kokoto nyeusi mfukoni inaweza kukuletea maneno na mamlaka.

Ukikuta kumefungwa kote

Inatokea mara chache. Ukiwa bado hujakata tiketi, Ugiriki kuna mbadala mwepesi, Nisyros, unaenda kwa boti kutoka Kos na unashuka kwa miguu mpaka ndani ya kreta ya Stefanos, chini kunatoa mvuke miguuni mwako. Santorini nayo ina kisiwa cha Nea Kameni kilicholipuka mara ya mwisho 1950, matembezi ya nusu saa tu na umati mkubwa, na mwanzoni mwa 2025 matetemeko yaliwaondoa maelfu ya watu, kwahiyo huko nako angalia habari kwanza. Hakuna inayorusha moto kama Stromboli lakini.

Hatua ya mwisho: Kuondoka

Usiku wa mwisho lala Catania, sio kisiwani. Piga viatu vyako nje kabla ya kuvifunga, majivu yakimwagika kwenye begi hayaishi.

Etna ikirusha majivu uwanja wa Catania unafungwa kwa saa kadhaa au unapunguza ndege, na nyingine zinahamishiwa Palermo au Comiso. Ndege yako ikifutwa usikubali kuambiwa nenda nyumbani utapigiwa. Kwa ndege yoyote inayoondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, hata kama shirika sio la Ulaya, una haki ya kuchagua kurudishiwa nauli au kupangiwa ndege nyingine, na ukichagua ndege nyingine wanakulisha na kukulipia hoteli mpaka uondoke. Fidia ya pesa hutapata, majivu wanayahesabu kama tukio lililo nje ya uwezo wao, ila chakula na kitanda ni haki yako. Wakikuacha ujitegemee, lipa mwenyewe kwa kiasi, tunza risiti zote, na uzitume kwao ukifika nyumbani. Na kama viza yako inaisha siku hiyo hiyo, nenda kwa polisi wa mpakani pale uwanjani na uthibitisho wa ndege kufutwa kabla muda haujapita, sio baada.